Cape wanachoma milima yao, kwa nini Lushoto tusichome? Jibu la niliyeishi kote kuwili

Wakuu, habari za jioni. Nafupisha swali la mleta uzi kwa wanaoingia sasa hivi. Shamba lake liko upande wa Mlalo, chini ya jabali, na mteremko wote wa juu ni mawe na vichaka. Amesoma kwamba milima ya Cape kule Afrika Kusini ina vichaka vinavyoitwa fynbos, vinavyohitaji moto ili vizaliwe upya, na kwamba wakati mwingine wahifadhi wenyewe ndio wanaouwasha. Anauliza kwa nini sisi tukiwasha tunakamatwa, na yale ni mapori yasiyotoa hata kuni ya maana.

Mkuu, nimezaliwa Lushoto, na niliwahi kukaa karibu mwaka mzima Paarl, mji wa huko Cape, nikifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Moto wa mlimani nimeuona kule na nimeuona hapa nyumbani.

Paarl maana yake ni lulu. Juu ya mji kuna majabali makubwa ya granaiti, mviringo, yakinyeshewa kisha jua likatoka yanang'aa hasa. Granaiti ile ikioza inatoa udongo wa mfinyanzi wenye rutuba kuliko mchanga mweupe wa milima ya jirani, kwa hiyo vichaka vyake vinanenepa, vingine vinamfika mtu kifuani. Katikati ya mawe makubwa, mahali moto usipopenya, inasimama mizeituni mwitu. Kwa sababu ya rutuba hiyo hiyo, miteremko ya chini ililimwa zamani ikawa mashamba ya zabibu, mingine ikapandwa misonobari. Uoto wa asili umebaki zaidi kule ambako jembe limegonga mwamba.

Sasa moto. Mvua yao inanyesha katikati ya mwaka, wakati wa baridi. Desemba hadi Machi ni ukavu na upepo mkali wa kusini mashariki, na hapo ndipo milima inawaka. Wiki chache baada ya moto mmoja, mzee niliyekuwa nafanya naye kazi alinipandisha mlimani. Chini palikuwa majivu matupu. Akachuma kibuyu cha mbegu kwenye kichaka kilichokufa cha protea, mmoja wa mimea ya fynbos, akanipa. Kwa nje kilikuwa cheusi kama mkaa, magamba yamefunguka kama kiganja, na ndani mbegu zenye manyoya ya kahawia zilikuwa nzima kabisa, upepo ukipita zinaruka. Kichaka kile kilikuwa kimezifungia mbegu zake miaka yote kikisubiri siku hiyo. Hatua kumi mbele palikuwa na protea ya aina nyingine, yenye shina nene na gome gumu. Ile haikufa, ilikuwa inachipua machipukizi mekundu kutoka kwenye shina lililoungua.

Kuna mimea mingine ambayo mbegu zake huamshwa na moshi. Mwaka 1990 watafiti wa huko walitangaza kwamba moshi peke yake, bila joto, unatosha kuziotesha mbegu za baadhi ya mimea ya fynbos. Kitaluni tulikuwa tunaloweka mbegu kwenye maji yaliyopitishwa moshi, na zilizokuwa zimegoma kwa miezi zinaota.

Kwa hiyo mkuu, ulichosoma ni kweli. Ila kuna jambo mzee yule alinirudia mara nyingi, nami naomba ulishike: moto wao una miaka yake. Kwa kawaida mlima unakaa miaka kumi, kumi na tano, au zaidi kabla haujaungua tena. Ukiungua mara mbili ndani ya miaka minne au mitano, protea ile ya vibuyu inatoweka, kwa sababu mche ulioota baada ya moto wa kwanza unakutwa na moto wa pili kabla haujazaa mbegu. Kuna sehemu alinionyesha pamebaki nyasi na magugu tu.

Tuje kwetu. Majabali ya Usambara mengi si granaiti, ni naisi, jiwe la ukoo wa karibu, lililopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwa macho yanafanana: jiwe gumu, kipara juu, udongo kiduchu kwenye nyufa. Lakini mvua yetu ni masika na vuli, na katikati kuna ukungu unaopanda kutoka bondeni. Mimea yetu ya mawe imejifunza kungoja maji. Hakuna kitu hapa kinachosubiri moto kwa namna ile ya protea, angalau mimi katika miaka yote ya kupanda na kushuka milima hii sijakiona.

Mwaka 2012, mwezi wa pili, jirani yetu mmoja alichoma mabaki ya mahindi, moto ukamponyoka ukapanda jabali lililo juu ya mashamba yetu. Ulikwisha kwa usiku mmoja. Kesho yake nilipanda na kaka yangu. Juu ya mwamba kulikuwa na mkeka wa mimea, nasema mkeka kwa sababu ndivyo ulivyo: ndago, kuvumwani za mawe na ule mmea wa jamii ya Xerophyta, ambao kiangazi unakauka majani yakavunjika mkononi kama tumbaku, kisha mvua moja tu na siku ya pili au ya tatu ni kijani tena. Mizizi yote imesukwa pamoja na udongo wa unene wa vidole vitatu hivi, na chini yake ni jiwe tupu. Kaka aliushika ukingoni akavuta. Ukaja wote, kama mtu anayekunja jamvi, na jiwe chini lilikuwa bado la moto.

Ile Xerophyta ina mabaki ya majani ya zamani yanayolifunika shina, na mashina kadhaa yalichipua, sitaki kukudanganya. Kilichokufa ni ule msuko uliolishika udongo. Masika ilipoanza, mvua ya tatu tu ilishusha udongo wote mweusi hadi kwenye mfereji wetu. Maji yalikuja ya kahawia, kwa kishindo, yakaisha upesi. Zamani jabali lile lilikuwa likivuja polepole siku kadhaa baada ya mvua, mama zetu wakichota maji pale chini. Mwaka ule halikuvuja.

Na upande wa kivuli, kwenye ufa, kulikuwa na yale maua madogo ya zambarau ya Usambara. Wengi hawajui kwamba ua linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani lilitoka mkoa wetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Majani yake ni laini yenye vinyweleo, yanataka kivuli na unyevu wa jiwe. Vichaka vilivyoyafunika vilipoungua, yale ambayo moto haukuyagusa yalikaushwa na jua ndani ya wiki mbili. Nimekwenda pale karibu kila mwaka tangu hapo. Pameota kangaga lile gumu linaloota palipoungua, na maua hayajarudi.

Sasa shamba lako. Usichome, wala usikubali mtu akuletee miche ya mikaratusi uipande kwenye mawe yale. Udongo wa vidole vitatu haubebi mti mkubwa, na kule kuchimba mashimo peke yake kutauchana ule mkeka. Ninachokushauri ni kufyeka njia ya moto kati ya shamba na mteremko, upana wa hatua sita au saba, uifanye kabla ya Januari na tena mwezi wa nane. Mpakani panda majani ya guatemala kwa kufuata kontua, yaani kukingama mteremko, itazuia udongo na ng'ombe atapata majani, maana najua wengi wanachoma wakitafuta nyasi changa za mifugo. Miti ya mgrivea weka ndani ya shamba, kwenye udongo wa kutosha.

Kama pameshaungua, zuia mbuzi wasipande angalau masika mbili, na panga mawe kwenye vijia vya maji ili udongo unaoshuka ukwame. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumechelewa mwaka mzima, na hadi leo mkeka umerudi kwenye nyufa tu. Juu ya mwamba wenyewe bado ni kipara.

Ukipanda huko kabla ya vuli, nenda asubuhi kukiwa na ukungu, uweke kiganja chini ya ukingo wa mkeka mahali ambapo hapajawahi kuungua. Utaukuta umelowa hata kama mvua haijanyesha. Piga picha utuwekee hapa, nikuonyeshe ipi ni ipi.