Uyoga wa reishi kwa mgonjwa wa baridi yabisi

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye baridi yabisi aache dawa za hospitali na kutumia vidonge vya uyoga wa reishi. Asiache. Ni kweli kwamba katika maabara viambata vya uyoga huo, hasa triterpeni, hupunguza kemikali zinazochochea uvimbe. Lakini utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wagonjwa 65 wa ugonjwa huohuo kwa wiki 24, baadhi yao wakipewa reishi pamoja na mitishamba mingine, ulionyesha unafuu kidogo wa maumivu bila uvimbe wenyewe kupungua, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Iwapo mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, reishi inaweza kumwongezea hatari ya kutokwa damu. Mpelekee daktari kopo lenyewe asome lebo.