Jino la Nguruwe Mfukoni

Juzi nilimwona kijana mmoja wa kundi jipya la wanafunzi akipanda kutoka korongoni, kofia kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa mayai. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Nikamuuliza kavitoa wapi. Akageuka, akanyoosha mkono kuelekea vilima vyote vya mashariki ya Ziwa Turkana, akasema: "Pale."

Nilitaka kufoka, koo likakataa. Msimu wangu wa pili, hiyo "pale" niliisema mimi.

Basi wadogo zangu, nawaandikia haya usiku huu kabla betri ya sola haijazima. Brashi na chekeche mmeshafundishwa, sitarudia.

1. Bendera kwanza, mkono baadaye. Kitu kikiwa hakijachomekewa bendera, hakijapigwa picha na hakijasomewa GPS, si chako bado. Najua mmeambiwa. Hata mimi niliambiwa.

Ilikuwa karibu saa saba mchana, saa ile ambayo mawe yenyewe yanahema. Wenzangu walikuwa wameshateremka hadi garini kula. Nikaona kitu kinang'aa kwenye mteremko: gego la tatu la nguruwe wa kale aitwaye Kolpochoerus, zima kabisa, enameli yake nyeusi kama imepakwa mafuta. Bendera zilikuwa zimeniishia. GPS ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa garini. Nikajiambia mahali hapa nitapakumbuka, kuna mti, kuna jiwe kubwa, sijazeeka. Nikalitia mfuko wa shati, nikaenda kula maharage.

Mti na jiwe kubwa! Turkana! Ni sawa na kumwambia mtu mkutane Mombasa karibu na mnazi.

Jioni, mbele ya taa, nikajaza kadi. Penye tabaka nikaandika "juu ya KBS", kwa sababu asubuhi yote tulikuwa tumefanya kazi juu ya yale majivu ya volkano yanayoitwa KBS, ambayo umri wake umepimwa. Sikuona kama nadanganya. Ndio ubaya wa kukumbuka: hakuji na alama ya kuuliza.

Sasa mnajua magego ya tatu ya nguruwe wetu yalivyo. Kadiri tabaka zinavyopanda ndivyo yanavyorefuka na taji linavyoinuka. Langu lilikuwa fupi, la kizamani, na kadi yangu ilisema limetoka juu, penye umri usiozidi miaka milioni 1.88. Mtu mwenye akili zake angesema kadi ina kasoro. Mimi nilisema nimegundua nasaba iliyobaki nyuma wakati jamaa zake wakibadilika. Nikaandika sura nzima ya tasnifu ya uzamili, kurasa 31, michoro nikaichora kwa mkono wangu. Nikapeleka muhtasari kwenye mkutano ng'ambo, ukakubaliwa. Nikamwambia mama nitapanda ndege. Mama akawaambia majirani.

Msimu uliofuata nikarudi kuwaonyesha watu mahali penyewe. Siku tatu nilizunguka. Miti ilikuwa mingi, mawe makubwa mengi zaidi, na mvua ilikuwa imepita ikachonga miteremko upya. Siku ya tatu mzee mmoja wa kambi, Mkamba, aliyekuwa akiokota mifupa tangu kabla sijazaliwa, akaniomba lile jino. Hakutumia lenzi. Alichokonoa katikati ya mizizi kwa ukucha, akamwaga chembe kidogo kiganjani, akazisogeza na kidole.

"Mwanangu, mchanga huu una maganda ya konokono. Huko juu unakosema, umewahi kuona konokono?"

Sikuwahi. Kule juu kulikuwa na udongo laini wa kijivu mtupu. Tabaka la konokono lilikuwa chini kabisa, mita nyingi chini ya majivu, upande wa pili wa korongo ambako, sasa ndipo nikakumbuka vizuri, ndiko nilikopita siku ile nikitafuta njia ya mkato ya kwenda kula. Jino lilikuwa la kizamani kwa sababu lilitoka zamani. Halikuwa na ajabu hata chembe.

Profesa wangu hakunigombeza, na afadhali angegombeza. Aliuliza tu, "Daftari unalo?" Nilikuwa nalo. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na orodha ya vitu vya kununua Marsabit. Sura ikang'olewa, mkutano nikauandikia barua ya kujitoa, na mama akawaambia majirani kwamba ndege zimekuwa na shida. Jino lipo mpaka leo ndani ya droo, lebo yake imeandikwa kwa mwandiko wangu: mahali hapajulikani.

2. Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Louis Leakey mwenyewe, yule mtafiti wa chimbuko la binadamu: mwaka 1932 kundi lake lilipata taya kule Kanam, kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, akatangaza kwamba ni la binadamu wa kale kupindukia. Mwaka 1935 akaja Profesa Percy Boswell kutoka Uingereza kuhakikisha. Vile vigingi vya chuma vya kuonyesha mahali havikuwepo tena, wenyeji walishaving'oa. Chuma kando ya ziwa hakikosi kazi, samaki wapo. Na picha aliyokuwa ameionyesha London ikabainika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell alirudi kwao akayaandika yote kwenye jarida la Nature. Leakey alikuwa na miaka 31, na doa hilo lilimfuata muda mrefu. Kwa hiyo pigeni picha moja ya karibu, moja ya mbali yenye kilima kinachotambulika, na kaptula ya mwenzako isizibe nusu ya fremu.

3. Hili linawahusu ninyi mnaofika kambini mmeshiba nadharia. Nawapenda, lakini mnanichosha. Jana kwenye moto mlibishana mpaka saa tano usiku kama mageuzi ya viumbe huenda pole pole au huruka, mkiwataja wanasayansi Gould na Eldredge na makala yao ya 1972. Mjadala mtamu. Ila ulizeni ulikolishwa: mwaka 1981 mtafiti Peter Williamson alichapisha kazi juu ya konokono na kome wa bonde hilihili, akasema walikaa mamilioni ya miaka bila kubadilika kisha wakabadilika kwa muda mfupi. Wengine wakapinga, wakasema ni maji ya ziwa yaliyobadilika, konokono akavaa gamba jingine tu bila kuwa spishi nyingine. Sawa. Lakini hata wapinzani wake walikuwa na kitu cha kupinga, kwa sababu alikusanya maelfu ya magamba tabaka kwa tabaka. Angeyabeba kwenye kofia, mngebishania nini?

Na yale majivu ya KBS mnayoyataja kama jina la kituo cha basi: vipimo vya kwanza viliyapa miaka milioni 2.6. Fuvu la binadamu wa kale lenye nambari 1470, lililookotwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972 chini yake, likaonekana kuwa la zamani mno. Waliokataa ni nguruwe. Basil Cooke, mtaalamu wa nguruwe wa kale, alilinganisha magego yao na ya Omo, Ethiopia, akaona nguruwe wa chini ya KBS wanafanana na wale wa Omo wa miaka kama milioni 2. Watu wa maabara walicheka kidogo. Baadaye ikaonekana sampuli za mwanzo zilikuwa zimechanganyika na chembe kongwe zilizosombwa na maji, umri ukashuka hadi 1.88, nguruwe wakashinda kesi. Walishinda kwa kuwa kila jino lilikuwa na anwani yake. Langu lisingewasaidia. Lingetoa ushahidi wa uongo.

4. Tembeeni. Kamoya Kimeu alianza Olduvai mwaka 1960 kama mchimbaji wa akina Leakey, kijana wa Ukambani asiye na shahada yoyote, wakati ambapo kwa watu wengi kufukua mifupa kulinuka kaburi. Mwaka 1964 akaona taya la jamaa wa kale wa binadamu kule Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, siku ambayo kambi nzima ilipumzika, yeye akaenda kutembea ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu. Akaona kipande cha fuvu kama kiberiti kwa ukubwa, rangi moja na changarawe zilizokizunguka. Kwa sababu mahali palijulikana, watu walichekecha mteremko, wakakata ndani, wakakuta vipande vya uso vimeshikwa na mizizi ya mti wa miiba, na misimu kadhaa baadaye wakawa na mifupa 108 ya mvulana mmoja wa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwili mrefu, miguu mirefu kama yetu, na ubongo wa sentimita za ujazo kama 880 tu. Kabla ya hapo mtu aliweza kubisha kipi kilitangulia, mwili mrefu kama wetu au ubongo mkubwa kama wetu. Kamoya alifariki Julai 2022, na nyani wa kale wapo wenye jina lake. Mimi siku ya mapumziko nafua soksi.

5. Supaglu si dawa ya kila kitu, tumieni Paraloid, gundi ya visukuku inayoweza kuyeyushwa tena. Nambari ya kisukuku iandikwe kwa wino usiofutika, si kwa kalamu ya benki. Plasta ya kufunikia mifupa ikishaanza kukauka usiiongezee maji, aliyewahi kufanya hivyo yupo hapa kambini na anajijua.

6. Daftari lijazwe ukiwa umesimama pale pale, jua likikuchoma. Ukiona mwandiko wa kadi ni mzuri sana, jua imejazwa jioni.

Yule kijana wa kofia tulirudi naye jana alasiri. Kwa muda wa saa tatu tulipanda na kushuka. Viwili tulipata vipande vinavyoshikana navyo, bado vimelala kwenye mchanga, tukachomeka bendera. Mahali pa cha tatu tulipapata kwa nyayo zake mwenyewe, bahati upepo haukuwa umevuma. Cha nne ni nusu ya gego la nguruwe na hakumbuki hata kama alikiokota kabla au baada ya kuvuka laga. Nimekitia kwenye kopo la kahawa juu ya meza yangu, hakijapewa nambari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunarudi. Aje na chupa mbili za maji, na hiyo kofia aivae kichwani.