Kumbe Lee Alikuwa Anasikia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni filamu gani ya kuchekesha uliyoicheka kabla hujaijua lugha yake, na unadhani ilikushika kwa nini? Yangu ni Rush Hour, ile ya kwanza ya mwaka 1998, ya Jackie Chan na Chris Tucker. Ukubwani nimeirudia mara nyingi, sasa na Kiingereza chake nakisikia chote, na bado naona kwamba tulichokicheka kibandani tukiwa shule ya msingi ndicho hasa kilichowekwa pale tukicheke.

Kibanda chenyewe kilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nyuma ya wauza mitumba. Mabenchi sita ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni juu ya meza na deki chini yake. Kiingilio shilingi 50. Pembeni alikaa mtafsiri na maiki yake, kaka mmoja tuliyemwita Mwalimu ingawa hakuwa akifundisha popote. Wahusika wakianza kuongea alipunguza sauti ya mkanda akatueleza wanasema nini. Ngumi zikianza aliirudisha. Miji aliihamisha kama alivyotaka. Carter, yule askari wa Chris Tucker ambaye mdomo wake haupumziki, kwa Mwalimu alikuwa dalali wa stendi aliyepewa bastola kimakosa. Jackie Chan hakubadilishwa jina. Tulikuwa tunamjua tangu hatujaanza darasa la kwanza, na aliyekuja kutazama alikuja kwa ajili yake.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Binti wa balozi mdogo wa China mjini Los Angeles anatekwa, na watekaji wanadai dola milioni 50. Balozi anamwita rafiki yake Lee, mkaguzi wa polisi wa Hong Kong, aje kusaidia. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawamtaki mgeni kazini kwao, kwa hiyo wanaomba polisi wa mji wawape mtu wa kumzungusha Lee huku na huku asije akawaingilia. Anayetolewa ni Carter, kwa sababu kituoni kwake wamemchoka. Hapo unao watu wawili wasiotakiwa na yeyote, wamefungiwa kwenye gari moja.

Sasa nije kwenye kile kipande. Lee anashuka kwenye ndege, Carter yuko uwanjani kumpokea. Mgeni anatabasamu na kunyamaza. Carter anamwongelesha, hajibiwi. Anapandisha sauti, hajibiwi. Mwishowe anamuuliza kwa kufoka kama anayaelewa maneno yanayomtoka kinywani. Lee anatabasamu tu. Nakumbuka Mwalimu hapo hakutafsiri. Alitugeukia akasema, "Huyu naye ni kama nyinyi, hasikii kitu." Tukacheka, tukawa upande wa Lee palepale. Mbele kidogo Lee anamtoroka, Carter anamkimbiza mitaa ya Hollywood, na anapomtia mkononi Lee anafungua kinywa na Kiingereza kinatoka. Carter anahamaki: kumbe muda wote unasikia! Lee anamjibu kwamba yeye hakusema kuwa hasikii, ni Carter mwenyewe aliyedhani hivyo. Kibanda kilipiga yowe. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni aliliacha beseni lake akaingiza kichwa ndani kuuliza kumetokea nini.

Yowe lile sikulihitaji kuelezwa, na nadhani hata wenzangu hawakuhitaji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akija kutoka Tukuyu kukaa nasi miezi miwili mitatu. Alizungumza Kinyakyusa peke yake. Akienda dukani, muuzaji alikuwa anamwongelesha Kiswahili kwa sauti ya juu, neno mojamoja, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na nyuma yake watu wanacheka. Bibi anatulia, ananyoosha kidole kwenye chumvi, analipa, anahesabu chenji yake, anaondoka. Kiswahili alikuwa anakisikia chote. Hakupenda kukisema, basi. Siku ile nilipotoka kibandani nilimsimulia habari za Lee uwanja wa ndege. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, akaniomba nirudie pale Carter anapofoka. Nilirudia mara tatu.

Ndiyo maana wenzangu wanaposema Rush Hour ilipendwa huku kwetu kwa sababu ya ngumi, huwa nabisha. Kwa ngumi, Jackie Chan alikuwa ameshafanya makubwa zaidi nyumbani kwake Hong Kong, ambako pambano moja liliweza kupewa wiki nyingi za kupiga picha hadi litimie. Hollywood ratiba haikumruhusu. Amewahi kusema hadharani kwamba filamu hii hakuipenda: mtindo wa mapambano ulikuwa wa Kimarekani mno, utani wa kule haukumwingia, na Kiingereza chake mwenyewe hakikumridhisha. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wamemjaribu tangu 1980 na haikuwaka, mpaka filamu yake moja ya Hong Kong ilipopelekwa kwenye kumbi zao mwaka 1996 ndipo wakaanza kumtambua. Kwa hiyo alipokubali kusimama na mchekeshaji ambaye nusu ya maneno yake yeye Jackie hakuwa akiyaelewa, alikuwa anabeba hatari kubwa. Kila nikikumbuka hilo namheshimu zaidi.

Watazamaji hawakumwangusha. Filamu iliyoongozwa na Brett Ratner, iliyogharimu kama dola milioni 33, ilirudisha kiasi hicho hicho Marekani katika siku zake tatu za kwanza kumbini, Septemba ile, na mwishowe ikaingiza kama dola milioni 244 duniani kote. Roger Ebert, mkosoaji aliyesomwa kuliko wengi, aliipa nyota tatu kati ya nne. Ya pili, mwaka 2001, iliipita kwa mapato. Ya tatu ikaja 2007 na kwangu mimi haina kitu. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wakosoaji, iliasisiwa Agosti 1998 na Senh Duong, shabiki wa Jackie Chan, kwa sababu alitaka kuona mahali pamoja yote yatakayoandikwa kuhusu Rush Hour.

Kitu kingine ambacho utotoni nilikiona bila kuwa na maneno yake: katika jozi ile hapakuwa na mzungu. Filamu kubwa za aina hii zilizotangulia, 48 Hrs. ya 1982 na Lethal Weapon ya 1987, ziliweka mweupe mmoja na mweusi mmoja. Hapa ni Mwafrika wa Marekani na Mchina, na adui mkuu anakuja kugundulika kuwa Mwingereza, mkubwa wa zamani wa polisi wa Hong Kong, katika kisa kinachoanza siku ya mwisho ya utawala wa Uingereza kule, mwaka 1997. Sijui kama waandishi walilipima hilo. Sisi tulilipokea kwa mikono miwili.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote hakina risasi hata moja. Ni usiku, Lee na Carter wamekaa nje ya mgahawa wa Kichina wakimvizia adui, wanakula. Carter anauliza anakula nini, anaambiwa ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Anaendelea kula. Halafu wanagundua kwamba baba zao wote wawili walikuwa polisi. Carter anaeleza wake alivyouawa kazini kwa kuwa mwenzake hakumlinda, na hapo unaelewa kwa nini hataki kufanya kazi na mtu. Dakika hiyo ni nzito. Kisha Lee anasema baba yake aliwahi kudaka risasi kwa mikono mitupu, na watu wazima wawili wenye vyeo wanaanza kubishana ni baba wa nani atampiga mwenzake! Tulikuwa tunabishana hivyo hivyo kila jioni kwenye bomba la maji. Baba yangu ana nguvu kuliko wako. Wangu alibeba gunia mbili. Wangu alimkimbiza chui. Mwalimu alipotafsiri pale, mtoto mmoja wa benchi la mbele alisimama akapaza sauti kwamba baba yake yeye angewapiga wote wawili.

Usiku uleule Carter anamfundisha Lee kuuimba War, wimbo wa vita wa mwimbaji Edwin Starr, namna ya kuutamka na kuuchezea mwili. Naye Lee anamwonyesha Carter jinsi ya kumpokonya mtu bastola. Tazama mikono yao. Kila mmoja anakosea cha mwenzake, anarekebishwa, anarudia. Hakuna aliyesema kwamba sasa ni marafiki, na mtazamaji hahitaji kuambiwa.

Sitaficha yaliyonikwaza baadaye. Carter anawatupia Wachina maneno ya kejeli, juu ya sura zao na vyakula vyao, na mengine siyacheki tena. Kibandani hatukuyasikia kwa kuwa Mwalimu aliyaruka au aliyageuza kuwa utani wa dalali na mteja. Na kuna pale baa, Lee anamsikia Carter akiwasalimu watu weusi kwa neno ambalo wao wanaitana wenyewe kwa wenyewe. Yeye kwa adabu zake zote anaona ndiyo salamu ya mahali pale, anaitumia, na ugomvi unazuka baa nzima. Sisi tulicheka ngumi za meza ya pool tu. Nilipolielewa neno lile, na historia ya utumwa iliyolibeba, nilirudi kukitazama kipande hicho upya na kikawa kingine kabisa. Kosa la Lee ni la mtu aliyesikia neno bila kujua ni nani ana ruhusa ya kulitamka. Wanaosema filamu ilicheza na moto hapo wana haki ya kusema. Mimi naona moto ule Lee hakuuwasha kwa dharau, na filamu inamlipisha papo hapo.

Mwisho wa mkanda ulikuwa na zawadi. Majina ya waliotengeneza yanapanda, na pembeni vinaonyeshwa vipande walivyokosea, desturi ambayo Jackie Chan aliitoa kwenye filamu ya Kimarekani aliyoigiza mwaka 1981. Kwa kawaida kibandani majina yakianza watu wanasimama, kila mtu anatafuta kandambili zake gizani. Siku ile hakusimama mtu. Tucker anatakiwa kusema maneno machache ya Kichina, yanamshinda, anarudia, yanamshinda, watu wote pale wanacheka, na Jackie Chan anamwambia sasa ameona: yeye ameongea Kiingereza filamu nzima, mwenzake maneno matatu tu ya Kichina yamemtoa jasho. Mwalimu alikuwa ameshazima maiki. Aliiwasha tena ili atutafsirie hilo, kwa makini, neno kwa neno, bila kuongeza lake. Nadhani ni mara ya pekee aliyofanya hivyo.

Tulitoka nje jua limezama, na njia nzima hadi nyumbani tulikuwa tunayajaribu yale maneno ya Kichina, kila mtoto na matamshi yake.