Barua kwa Neema, kuhusu maji

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama utakuwa umetukosea ukikubali mama mkwe wako ambatizishe mtoto kule Moshi, Kilutheri, mtakapokwenda Desemba. Nilitaka kujibu usiku uleule. Mama yako akanikataza, nikamsikia.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa mpiga kengele kule misheni ya Magila, na kwake Ubondei na Uanglikana vilikuwa kitu kimoja. Nilibatizwa mchanga, na jina nililopewa siku ile ndilo ubini wako. Nilipofika miaka ishirini na mbili, nikiwa kibarua bandarini, nikaomba kubatizwa tena kwa kuzamishwa, Kibaptisti. Tulishuka ufukweni Raskazone asubuhi, maji yamejaa. Nilikuwa nimemwalika baba, naye akaja. Lakini alisimama kule juu barabarani, chini ya mwarobaini, amevaa koti lake la Jumapili. Nilipoibuka, nikafuta macho nimtafute, nikaona mgongo wake.

Wiki iliyofuata nikaenda nyumbani. Akaniuliza neno moja tu: "Yale maji ya kwanza yalikuwa na kosa gani?" Nikamjibu kwa aya, moja baada ya nyingine. Hakuwa ameniuliza aya, Neema. Hakurudia swali lile mpaka tunamzika.

Hata hivyo imani si shamba la minazi, hairithiwi. Nimelisema hili tangu hujaanza shule na sijalichoka. Thomas Helwys, mmoja wa Wabaptisti wa kwanza, alirudi Uingereza kutoka uhamishoni Amsterdam, na mwaka 1612 akamwandikia mfalme kwamba mfalme ni mtu wa kufa, hana mamlaka juu ya roho za watu, awe mzushi, Myahudi au Mturuki, maana Waislamu ndivyo walivyoitwa. Alifungwa gereza la Newgate. Mimi ninayeamshwa na adhana kila alfajiri, na majirani zangu wanaoniletea futari mlangoni, namwelewa mtu yule kabisa. Ndiyo maana kanisa letu halibatizi mtoto: tunamwachia nafasi ya kusema ndiyo kwa kinywa chake.

Lakini mwenzake, John Smyth, mwaka 1609 alijibatiza mwenyewe, akijimwagia maji tu, wala hakuzama. Baadaye akaona amekosea, akawaendea Wamenno, Wakristo wengine waliobatiza watu wazima tu, awaombe kupokelewa. Kama aliyetuanzishia njia alisitasita hivyo, mimi nilipata wapi ukali ule mbele ya baba yangu?

Mama yako naye ananikumbusha siku tulipokuweka wakfu. Mchungaji alikubeba, tukaahidi mbele ya kanisa zima, ukalia. Anauliza kama tofauti ni maji peke yake. Nimemwambia hapana, tofauti ni kubwa. Kisha nikatoka nikakaa barazani.

Nakuficha nini? Naogopa. Benchi letu tulikuwa saba, sasa tunakaa wawili, na nilitamani siku moja nimwone mjukuu wangu akishuka Raskazone. Lakini nikisema imani hairithiwi, halafu nikamdai mjukuu kama urithi, nitakuwa nasema nini?

Jibu ninalo, mwanangu, liko kwenye ncha ya ulimi, na sitalitoa. Naomba hili tu: akikua akaja kuuliza kuhusu maji mengi, asijibiwe kwa ukali, upande wowote.

Nitumie tarehe mapema nikate tiketi ya basi. Nitaingia mpaka ndani ya kanisa, nitasimama karibu nanyi.

Baba yako