Swali la lugha: Ugavi, ununuzi au mnyororo wa ugavi?

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Amu, yaani Lamu. Mimi ni karani katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, yenye ofisi Mokowe na bohari kisiwani. Wakubwa wetu wanataka vibao vya milangoni viandikwe kwa Kiswahili. Je, idara yetu iitwe ya Manunuzi, ya Ugavi au ya Mnyororo wa Ugavi? Na yule anayetuletea saruji ni msambazaji, mgavi au mzabuni?

JIBU: Tuanze na neno lenyewe. Ugavi limetokana na kitenzi gawa, ambacho w yake imegeuka v ilipokutana na kiishio -i, kama vile lewa lilivyotuzalia mlevi na ulevi. Maana yake ya msingi, basi, ni kazi ya kugawa: kitu kipo mkononi, wapo wanaokihitaji, na kila mmoja hufikishiwa fungu lake. Kwa maana hiyo ugavi huanza pale ununuzi unapoishia, na ndiyo sababu chombo kinachosimamia taaluma hii Tanzania kikaitwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Lau ugavi ungekuwa umekwisha kuubeba ununuzi ndani yake, jina hilo lingekuwa limetaja jambo moja mara mbili.

Mnyororo wa ugavi ni usemi mpana zaidi, na umri wake si mkubwa. Jina la Kiingereza la usimamizi wa mnyororo huo lilianza kuvuma mwaka 1982, lilipotumiwa na mshauri wa biashara Keith Oliver wa kampuni ya Booz Allen Hamilton, aliyetaka ununuzi, uzalishaji, uhifadhi na usafirishaji visimamiwe kama kazi moja badala ya kila ofisi kujifungia chumbani mwake. Kwenu Amu picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Mfuko wa saruji hutoka Mombasa kwa lori, ukapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ukapakiwa chomboni, ukapokewa gatini na mahamali, kisha ukabebwa na punda katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Kila mkono ni pete ya mnyororo, na pete moja ikilegea fundi aliyeko juu ya dari hukaa bila kazi.

Sasa kibao. Jina lifuate kazi inayofanywa nyuma ya mlango. Ikiwa idara yenu hutafuta bei, hulinganisha wauzaji na kutoa hati za agizo, zile ambazo maofisini huitwa LPO, basi hiyo ni Idara ya Ununuzi. Ikiwa hupokea mali, huitunza na kuitoa kwa wanaoihitaji, ni Idara ya Ugavi. Jina la Mnyororo wa Ugavi lifae pale tu mkuu mmoja anaposimamia yote hayo pamoja na kukadiria mahitaji na kupanga usafiri, huku chini yake kukiwa na vitengo vyenye majina yao. Nimeona ofisi ya watu wawili na kabati moja ikijiita Idara ya Mnyororo wa Ugavi. Sarufi yake haikuwa na kosa, lakini mgeni aliyeingia alitazamia makubwa.

Kuhusu manunuzi, neno si kosa, ila lina mahali pake. Kiambishi u- hutaja tendo kwa ujumla, na ma- huelekea kutaja vitu vilivyonunuliwa au mara zilizonunuliwa. Kwa hiyo tutasema manunuzi ya mwezi huu yamezidi bajeti, lakini idara, sheria na cheo vifuate ununuzi: Afisa wa Ununuzi. Lile neno “wa”, watu wengi huliangusha wakaandika Afisa Ugavi au Afisa Manunuzi. Kwenye kibao chembamba naweza kulivumilia, ndani ya barua silikubali.

Anayeshika funguo za bohari ni mtunza bohari, wala si mlinzi, ambaye ni yule wa langoni usiku. Hapa jina lina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kampuni zilizo makini humtenga anayeagiza, anayepokea na anayelipa, ili hati ya agizo, hati ya kupokelea mali na ankara zilinganishwe na watu tofauti kabla ya fedha kutoka. Mkimpa mtu mmoja cheo cha Afisa wa Ununuzi na Bohari, mmeshawaunganisha kwa maandishi wale waliotakiwa kuchungana.

Lililobaki ndilo linalokosewa zaidi. Kusambaza ni kutoa mahali pamoja na kueneza kwingi. Kiwanda au duka la jumla linalowaletea nyinyi saruji haliwasambazii kitu mkitazamwa peke yenu; nyinyi ndio wasambazaji, mnaopeleka mifuko Shela, Matondoni na Faza. Mkimwita anayewaletea msambazaji, siku ya kuandika mkataba mtashindwa kujitofautisha naye. Mzabuni naye ni aliyetia zabuni, awe ameshinda au ameshindwa, na aliyeuziana nanyi kwa simu bila kushindanishwa na mtu hajawa mzabuni. Mgavi limeundwa sawasawa, lakini sikio la mswahili humwona mtu anayegawa mirathi, au pilau karamuni, na yeye hatoi ankara. Mimi ningeandika muuzaji katika mkataba, na mleta bidhaa pale inapohitajika kusisitiza kwamba jukumu la kuifikisha mali ni lake.

Mkiishia kuchagua jina lile refu, angalieni upatanisho wake. Kinachotawala ni mnyororo, si ugavi wala bidhaa, kwa hiyo ripoti yenu itasema: mnyororo wa ugavi umekatika kwa sababu barabara ya Garsen imefunikwa na maji. Isiseme imekatika, isipokuwa mnazungumzia minyororo zaidi ya mmoja.