Mtoto wa miaka 6 bado anakojoa kitandani
Mama, umeuliza kama fimbo itamsaidia. Hapana, usimchape: amelala, hajui. Kwenye miaka 5, karibu watoto 15 kwa kila 100 bado wanakojoa usiku. Hata mimi, hapa Goma, matela yangu ilianikwa juu ya mawe ya volkano mpaka nina miaka 8, majirani wakiangalia. Baba yangu naye alikuwa hivyo. Mambo ya ukoo. Anywe maji mchana, chai ya jioni ipungue, akojoe kabla ya kulala. Choo kigumu nacho kinabana kibofu, kwa hiyo sombe na matunda visikosekane. Ila kama alishaacha akaanza upya, kiu haiishi na anakonda, mpeleke kwa munganga wa hospitali leo hii, apimwe sukari.