Maji matupu, kulanti, au ile isiyo na maji kabisa?

Swali: Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nina Subaru Impreza ya turbo, injini EJ20. Naenda nayo kazini, na mara moja kwa mwezi naipeleka kwenye mbio za muda. Raundi mbili za kwanza iko sawa, ya tatu mshale wa joto unaanza kupanda, nikipunguza mwendo unashuka. Fundi mmoja ameniambia nimwage kulanti, yaani kile kimiminika cha kupoza injini, niweke maji matupu. Mwingine anataka kuniuzia kulanti isiyo na maji kabisa, bei yake ya kutisha. Thamostati, ile vali inayofuata joto la injini, ilitolewa na mwenye gari wa kwanza. Nishike la nani?

Jibu: Ungekuja na hilo gari karakana, nisingeanza na rangi ya kulanti. Ningesubiri injini ipoe, nikuombe mfuniko wa rejeta, niubonyeze mpira wake kwa kidole. Mara nyingi huo mpira huwa umekauka, umepasuka ukingoni, na springi yake imelegea. Watu hununua kulanti ya maelfu ya shilingi wakaifunika na mfuniko wa aina hiyo.

Sababu ni hii. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Maji ya sufuriani Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, kwako huchemka kwenye 94 hivi. Mfuniko ukibana mgandamizo ndani, maji huchelewa kuchemka: mfuniko mzima wa baa 1.1 (baa ni kipimo cha mgandamizo) unasukuma kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119, hata kama ndani ni maji tu. Mfuniko uliokufa unakurudisha kwenye 94, na injini ya turbo ikikimbizwa hufika hapo bila shida. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu kilichomo ndani ya rejeta, nunua mfuniko mpya wa kiwango kilekile kilichoandikwa na kiwanda. Usirukie wa baa 1.3 kwa sababu rafiki yako anao. Rejeta ya zamani yenye matangi ya plastiki itakupasukia kwenye kona.

Sasa kulanti. Glaikoli, kimiminika kikuu ndani yake, iliwekwa kwa ajili ya baridi kali: mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji haugandi hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Barafu ya namna hiyo Nakuru hutaiona. Tena kwa kubeba joto, maji yanaishinda glaikoli waziwazi. Kilo ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, nusu kwa nusu hubeba kama 3.5. Hapo fundi wako wa kwanza ana hoja. Alipokosea ni kwenye neno "matupu". Ndani ya chupa ya kulanti mna pia dawa ya kuzuia kutu, na injini yako ni alumini yenye silinda za chuma. Maji bila dawa hula alumini, hula pampu, na ile tope ya kahawia huishia kwenye mirija myembamba ya rejeta. Yakiwa maji ya kisima cha Bonde la Ufa, mambo huharibika haraka zaidi. Angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, halafu ufikirie ukoko huohuo umeganda kuzunguka silinda.

Kwa gari linalokwenda kazini na mbioni, mimi huweka thuluthi moja kulanti, thuluthi mbili maji yaliyotoneshwa. Usishuke chini ya hapo, dawa ya kutu itakuwa hafifu mno. Maji hayo ni yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa kwenye rafu hiyohiyo. Gari la mbio pekee ni habari nyingine: hilo hupewa maji yaliyotoneshwa na dawa ya kutu yenye kilainisho, ile inayosaidia maji kushika chuma badala ya kuacha viputo vya mvuke juu yake. Viwanja vingi vya Marekani na Ulaya, hasa kwenye pikipiki, vinakataza glaikoli kabisa, kwani ikimwagika kwenye lami huteleza kama mafuta na haikauki upesi.

Hiyo isiyo na maji si uongo. Huchemka karibu na nyuzi 190 na haihitaji mgandamizo mkubwa. Ila hubeba joto kidogo kuliko maji, kwa hiyo injini yako itatembea na joto zaidi, sema tu haitatoa mvuke wa kukuonya. Rejeta yako ikiwa imeziba, utakuwa umelipa pesa nyingi kuficha ugonjwa.

Thamostati irudishwe, tena wiki hii. Najua imani ya mtaani kwamba ukiitoa maji yanapita huru na injini inapoa. Kwenye EJ20 inakaa upande wa chini, maji yanakoingia kwenye pampu, na ina kisahani kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta. Dalili zako zinafanana sana na hilo.

Usiamini rangi. Kijani, waridi na buluu ni uamuzi wa kiwanda, hakuna sheria inayozilinganisha. Soma aina iliyoandikwa kwenye chupa na kitabu cha gari. Kwa kuwa hujui mwenye gari wa kwanza aliweka nini, mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, ndipo ujaze. Aina mbili zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Uliyomwaga yafungie kwenye galoni: ni matamu, na mbwa au mtoto akiyanywa yanaua.

Wakati wa kujaza, inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza taratibu. Injini hizi za kulala, zenye silinda zilizolazwa ubavu, huficha hewa vibaya sana. Acha iungurume mpaka viputo viishe na feni iwake mara mbili, kisha ongeza ikishapoa. Gari la mbio libadilishiwe kila mwaka, usingoje ile miaka mitano ya kwenye chupa. Na ukimaliza raundi za kasi, zungusha moja ya polepole kabla ya kuzima.

Funga pia geji ya kweli. Mshale wa kiwandani umetulizwa makusudi, ukianza kusogea umeshachelewa. Ukifanya yote haya na raundi ya tatu bado inapanda, washa gari asubuhi likiwa baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa kabla injini haijapata moto, au chupa ya akiba ikitoa viputo mfululizo, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo usiende mbioni tena mpaka ifunguliwe.